Siku Tano Kati ya Starlet ya Mzee na Gari la Viti Viwili

Jumatano

Shemeji alifika kwetu Buruburu, Nairobi, jua likizama, paa amelifungua, kofia ameigeuza nyuma mbele, na kabla hajazima injini watoto wa mtaa walikuwa wamelizunguka gari kama nzi kwenye embe. Ni Mazda Roadster, ile ambayo nchi nyingi huijua kwa jina la MX-5. Ni ya mwaka 2018, rangi ya damu ya mzee. Aliiagiza Japani ikateremshwa Mombasa kabla haijatimiza miaka 8, maana ikizidi hapo Kenya haiipokei.

Kando yake, chini ya mparachichi, ilisimama Toyota Starlet ya Mzee. Ni ya 1994, ile ambayo mafundi huiita EP82, na weupe wake siku hizi unakaribia rangi ya chai ya maziwa. Baba aliinunua mtumba kwa mkopo wa Sacco ya walimu, akaiendesha mpaka Mungu alipomchukua. Nami nikairithi pamoja na mlango wa nyuma usiofunguka kutoka ndani.

Ubishi wetu ulianza Krismasi.

"Shem, hiyo yako si gari, ni kopo."

"Ni kopo, lakini lina viti vitano."

Dada yangu, mkewe, alichoka kutusikiliza. Akasema basi badilishaneni funguo, siku tano, kila mtu ajionee. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Usiku huo tulipima magari kwa tepu ya fundi seremala wa jirani. Roadster ina mita 3.9 kutoka pua hadi mkia, Starlet mita 3.7 na kidogo. Tofauti ni kama shubiri moja. Shemeji hakuamini, akapima tena. Anaamini ana gari kubwa kwa sababu boneti ni ndefu, lakini boneti ndiyo imekula mahali pa watu.

Alhamisi

Asubuhi nilibonyeza kitufe cha kuwasha na mwanamke akanisalimu kwa Kijapani. Wenye magari ya mtumba wanamjua huyu: hasalimu, anakukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Redio nayo haifiki masafa ya huku juu, imekatwa kwa masafa ya Japani, kwa hiyo Citizen 106.7 sahau mpaka fundi aifungie kifaa cha kuongeza masafa. Katika Starlet redio hiyo imekaa kwenye 106.7 tangu Mzee yuko hai.

Halafu matuta. Kutoka mlangoni kwetu hadi barabara kuu yako sita, na sikuwahi kuyahesabu hadi leo. Unakaa chini kiasi kwamba tuta unaliona kama kilima. Niliyakata kimshazari, gurudumu moja moja, na la nne bado likakwaruza tumbo kwa sauti niliyoisikia kwenye meno. Starlet huyapanda haya bila hata kupunguza mazungumzo.

Kwenye stegi alikuwepo Mama, jirani yetu wa nyumba ya pili, amesimama na kikapu kama kila Alhamisi. Kwa kawaida husimama tu, simuulizi, ananyanyua kikapu na kuingia. Leo nilikuwa na kiti kimoja kitupu na mkoba wangu juu yake. Nilipunga mkono, nikaonyesha kwa kidole kama kusema, unaona mwenyewe, ni viti viwili. Nikapita. Niliendesha hadi Jogoo Road ndipo nikatambua kwamba viti viwili maana yake mimi na yeye.

Niliyaacha hayo kwa sababu msongamano ulianza kunisumbua kwa namna mpya. Paa likiwa wazi, bomba la matatu liko usawa wa sikio lako. Wachuuzi hawabishi kioo, wanakuwekea bidhaa mapajani. "Madam, umeomoka! Niungishe," mmoja akaniambia, na pakiti ya njugu tayari iko juu ya gia. Nikanunua. Nikanunua pia chaja ambayo sina simu yake. Mkoba niliusukumia miguuni, si kwa njugu bali kwa vile kila Mnairobi anajua simu inavyoweza kuota mbawa kwenye dirisha lililo wazi, na mimi nilikuwa gari zima ni dirisha.

Pale taa zilipokataa kuwa kijani nilifunga paa. Hili nalikubali bila kinyongo: hakuna mota wala kelele. Unavuta kishikio, unaliinua kwa mkono mmoja ukiwa umeketi, unalibana juu ya kioo, kwisha. Mashine nyingi za bei ghali hazina akili hiyo.

Mchana nilipitia Grogan, kwa mzee wa gereji aliyeihudumia Starlet tangu enzi za baba. Vijana wake waliacha kazi. Yeye alifungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Hii haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, ina cheni. Mgandamizo wa injini ni 13 kwa 1, yako haifiki hata 10. Hii usiitilie mafuta ya chupa za kando ya barabara. Na bampa likivunjika, dadangu, utangoja meli."

Nikamwuliza kama gari la namna hii ni la barabara zetu kweli. Akacheka. Akanikumbusha kwamba mshindi wa Safari Rally ya 1971 na ya 1973 alikuwa Datsun 240Z, gari la viti viwili, pua ndefu, chini hivi hivi. Shekhar Mehta ndiye aliyeshinda ile ya 1973. "Tatizo si gari," akasema. "Wale walikuwa na gari la pili nyuma limebeba magurudumu." Sikulitilia maanani neno hilo mpaka kesho yake.

Jioni, kwa sababu nilikuwa na haki ya kujifurahisha, nilipanda Expressway Westlands nikaenda kushuka Mlolongo. Kilomita 27, tangu 2022 watu wanazilipia. Mwendo usiozidi 80. Nililifungua paa tena. Huko juu hakuna mchuuzi wala bodaboda, harufu ya dizeli imebaki chini, na mji mzima unapita pembeni ukiwa na taa zake. Nilikuwa nacheka peke yangu. Siwezi kusema uongo kwamba Starlet imewahi kunifanyia hivyo.

Ijumaa

Siku ya Magadi. Tulikuwa sita: mimi, shemeji, dada, watoto wao wawili, na mama yetu. Hesabu ikafanyika kwenye geti. Buti la Roadster ni lita 130, likameza sweta na chupa mbili za maji likashiba. Boksi la barafu, sufuria ya pilau, mkeka, mpira, na mfuko wa dawa za mama vyote vikaenda Starlet. Watoto wakalilia kiti cha mbele cha gari jekundu, tukapanga zamu za nusu saa, na nusu saa ya mtoto ni dakika kumi. Shemeji aliingia kwenye Starlet, magoti yakagusa usukani, akazungusha dirisha kwa mkono kama mtu anayeteka maji kisimani. Sikusema neno.

Ngong, Kiserian, kisha Corner Baridi, ambapo upepo ulimvua mpwa wangu kofia ikaenda zake. Hapo ndipo bonde linajifungua mbele yako na barabara inaanza kuteremka kwa kona zisizoisha.

Niseme habari ya injini, maana hapa ndipo niliielewa. Zote mbili hazina turbo, zinavuta hewa ile ile tunayovuta sisi. Kila mita 1,000 unazopanda, injini kama hizi hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu. Nairobi iko karibu mita 1,800. Zile farasi 131 za Roadster na 100 za Starlet ni za kwenye makaratasi ya Japani, ziliandikwa hewa ikiwa nzito. Sisi huku tunaendesha pungufu kila siku na tumeshazoea. Ziwa Magadi liko karibu mita 600. Kwa hiyo kadiri tulivyoshuka, magari yote mawili yalizidi kupata pumzi. Roadster ikawa inaitika kabla sijamaliza kukanyaga. Na nilipotazama kiooni, Starlet ilikuwa pale pale nyuma, watu wanne ndani, haiachwi! Haifiki hata kilo 900 yenyewe, mwenzake ni kama tani moja. Wepesi ndio damu yao wote wawili.

Tofauti iko kwenye kona. Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiingia kwa pupa pua inateleza kwenda nje na unaiomba msamaha kwa kuachia mafuta. Roadster inasukumwa na ya nyuma, nawe umekaa karibu na magurudumu hayo, unahisi kona kwa makalio kabla ya macho. Gia zake sita ni fupi, zinaingia kama kufuli mpya. Za Starlet, namba tatu lazima uitafute, na ukiipata ushukuru.

Tulisimama Olorgesailie, penye zana za watu wa kale, kunyoosha miguu. Akina Leakey walianza kuchimbua pale miaka ya 1940, na mashoka ya mawe bado yamelala chini kwa mamia, yamezungushiwa njia ya mbao upite juu bila kuyakanyaga. Mama alitazama akasema watu wale walikuwa na vifaa vingi na hawakuvihamisha. Tukala pilau.

Mbele ya hapo, jua likiwa kichwani, nilipita juu ya kipande cha chuma ambacho Starlet ingekivuka. Sauti ilikuwa ndogo. Tairi la mbele kushoto likakaa chini.

Shemeji alifungua buti, akainua zulia. Hakuna tairi la akiba. Mazda hawaliweki, wanakupa chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, ili gari lisizidi uzito. Tukapiga gundi ile ndani, ikatoka nje yote, nyeupe, kwa sababu tairi lilikuwa limechanwa ubavuni na ubavu hauzibiki kwa gundi. Dada akaanza kucheka vile anavyocheka akiwa na hasira.

Basi nikatoa tairi la akiba la Starlet, kwa majaribio tu. Na hapa nilishangaa. Matundu ni manne, yamepangwa duara la milimita 100, sawasawa na ya Roadster. Hata tundu la katikati ni kipimo kimoja. Nati za gari moja zinaingia kwenye jingine. Kwa dakika moja tulisimama tunatazamana kama watu waliogundua kwamba babu zao walikuwa ndugu. Tukaliinua, likaingia kwenye skrubu zote nne, likateleza vizuri, halafu, ko! Rimu ya inchi 13 ikagonga breki. Roadster imevaa za inchi 16, na breki zake zimekua kwa kipimo hicho.

Hakukuwa na njia nyingine. Tuliling'oa tairi lililochanika, tukaliweka kwenye Starlet mahali pa boksi la barafu. Mama na watoto wakarudi ndani. Shemeji alibaki na gari lake, paa amelifunga ajikinge jua, gari limesimama juu ya jeki na mguu mmoja hewani kama korongo. Dada akakaa naye. Nilipokuwa nawasha, mama mmoja wa Kimaasai akajitokeza njiani na jerikani na mwana mgongoni, anaelekea upande wangu. Hakuuliza. Alitazama Starlet, akatazama watu waliomo, akaja moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma na kungoja. Mama yangu akamsogezea watoto. Jerikani ikakaa juu ya tairi.

Ilikuwa safari ya kurudi karibu hadi Kiserian. Fundi wa kwanza hakuwa na kipimo. Wa pili alikuwa na moja, mtumba, si jipya lakini lina meno, akalifunga kwenye rimu na kulijaza upepo huku akitaka kujua gari lenyewe liko wapi. Nilipomwambia, akasema, "Kumbe mmeacha harusi mkaja na pete."

Tuliwakuta saa kumi na moja. Shemeji alikuwa ameungua pua. Alikuwa pia amefanya urafiki na wachungaji wawili vijana waliomsaidia kusogeza mbuzi kivulini mwa gari, au gari kivulini mwa mbuzi, sikuelewa vizuri. Ziwa tuliliona kwa mbali tu, jeupe na la waridi. Usiku tulirudi polepole, Roadster mbele, Starlet nyuma ikimulika.

Jumamosi

Watu wote walilala. Mimi niliamka saa kumi alfajiri nikaondoka peke yangu, bila kumwambia mtu, na tairi la Kiserian.

Waiyaki Way ilikuwa tupu. Kufika Limuru ukungu ulikuwa mzito, nikafungua paa hata hivyo na kuwasha joto hadi mwisho, miguu inaungua na masikio yanaganda. Ukungu ulikuwa na harufu ya majani ya chai na moshi wa kuni. Ndani ya Starlet nimepita hapa mara mia na sijawahi kujua kwamba Limuru ina harufu.

Nilichukua barabara ya chini, ile ya kuteremka Mai Mahiu. Malori yalikuwa yameshajipanga, yanateremka kwa gia ya kwanza, na kuyapita kwenye kona hizo ni kutaka makuu. Nilikaa nyuma ya moja kwa dakika ishirini, nikikodolea macho nati za gurudumu lake ambazo ziko juu ya kichwa changu. Nimesikia watu wakisema gari la michezo ni la mwendo. Raha yangu kubwa ya siku tano ilikuwa kwenye kilomita 30 kwa saa, jua linachomoza, mlima wa Longonot umekaa pale chini kama chungu kilichofunikwa, na hakuna bati kati yangu na vitu hivyo.

Nilisimama kwenye kile kikanisa kidogo ambacho mateka wa Kiitaliano walikijenga mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara hii. Nilinunua mahindi ya kuchoma. Muuzaji akauliza, "Uko peke yako?" Nikasema ndiyo. Akatazama kiti kitupu. "Na huyu aliyebaki?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefurahi kutokuwa na mtu. Starlet haijawahi kunipa kisingizio. Tangu nilipoishika, kila asubuhi kuna mtu ndani yake: wa kanisani, wa hospitali, mtoto aliyechelewa shule, gunia la viazi la mtu. Baba naye alikuwa hivyo, na nadhani kuna siku alichoka lakini angesema nini, na viti vinaonekana? Gari hili lilinipa ruhusa ambayo sikujua naihitaji. Nilikula mahindi yote mawili mwenyewe.

Kupanda kurudi Limuru lilihema. Lilitaka gia ya tatu pale nilipotarajia ya nne. Starlet ingetaka ya pili. Juu kule wote ni wagonjwa wa kifua.

Nilijaza tangi mtaani: nilipata karibu kilomita 14 kwa lita. Shemeji kwenye Starlet alipata 15. Alininong'oneza takwimu hiyo kama mtu anayeungama.

Jumapili

Siku ya kurudisha. Lakini asubuhi nilipita kwanza nyumba ya pili, nikapiga honi. Mama akatoka na Biblia, kilemba cha kijani, na viatu vya Jumapili. Akalitazama gari kwa muda.

"Mwanangu, mtu huingiaje hapa?"

Huingii, unashuka. Nilimshika mkono, akageuka kinyumenyume, akajiachia, akapotea kiti kizima kikamfunika. Alicheka hadi akatoa machozi. Nilipouliza nifunge paa, akakataa, mpaka tulipofika pale barabara inapopinda kuelekea kanisani ndipo akanigusa bega.

"Sasa funika. Wasije wakadhani nimeolewa tena."

Nikafunika, kwa mkono mmoja, kama shemeji alivyonifundisha. Haikusaidia. Kwaya nzima ilikuwa nje. Kumtoa kulihitaji waongoza ibada wawili, mmoja kila mkono, na mimi nikisukuma kwa adabu zote. Aliposimama akajinyoosha nguo, akaweka sawa kilemba, akaniinamia dirishani.

"Ni nzuri. Mwambie shemeji yako nimesema ni nzuri. Kurudi, kuja na ile ya babako. Niko na wenzangu watatu, na kuna sufuria."

Saa sita kamili nilikuwa pale. Walikuwa wanne, na sufuria zilikuwa mbili.